Muuguzi Naye Huugua: Habari za Watumishi wa Afya wa Handeni na Korogwe

Ndugu msomaji, ukipanda basi Tanga mjini kwenda Dar es Salaam utapita Muheza na Hale, kisha utafika Segera penye njia panda. Hapo njia moja hushika kusini kupitia Kabuku na Mkata, na ya pili huendelea Korogwe, Mombo na Moshi. Abiria wengi wa pwani huijua nchi hiyo kwa kuipita tu. Huiona milima ya Usambara kwa mbali, huona mkonge uliopandwa kwa safu, hununua machungwa dirishani, kisha husinzia. Ni wachache wanaojiuliza: huko ndani, katika vijiji vya Wazigua upande wa Handeni, na katika vijiji vya Wasambaa na Wabondei upande wa Korogwe, mgonjwa akizidiwa usiku hupelekwa kwa nani? Na huyo anayepelekewa wagonjwa, siku akizidiwa yeye hupelekwa kwa nani?

Swali hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za masultani, za wanavyuoni na za majemadari. Leo tuwatazame watu wadogo: dresa, mkunga, mganga wa zahanati, na mhudumu wa afya wa kijiji. Habari zao za takriban miaka 100 zina mafunzo mengi, lakini sisi tutashika moja. Nalo ni hili: kila kizazi kimempata mtu wa kuwapunguzia watu mzigo wa maradhi yao, na kila kizazi kimeahirisha jambo la nani ampunguzie mtu huyo mzigo wake.

Mganga hajigangi

Wazee wetu walisema, mganga hajigangi. Wengi huitumia methali hii kumcheka mganga aliyeugua. Lakini ukiitafakari utaona kwamba si dhihaka, bali ni agizo. Maadamu mganga hawezi kujiganga, basi hapana budi mwingine amgange.

Zamani, kabla ya zahanati, jambo hili lilikuwa na ada yake. Mkunga aliyemzalisha mwanamke hakuondoka mikono mitupu. Alipewa nguo, au kuku, au nafaka kadiri ya uwezo wa wenye nyumba. Mwalimu aliyemwandikia mgonjwa kombe alipewa sadaka yake. Mjuzi wa mitishamba aliyeshindwa kwenda kondeni kwa sababu ya wagonjwa alisaidiwa kulima. Hatusemi kwamba dawa zote za siku hizo zilifaa. Nyingi hazikufaa kitu, na kina mama na watoto wengi walikufa kwa maradhi ambayo leo yana tiba. Tunasema tu kwamba anayewauguza watu alijulikana kuwa ni mtu wa kutunzwa, na aliyekula jasho lake bila kumpa kitu alionekana mtovu wa haya.

Reli, vita na njaa

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka ule ule wa 1893 mkonge uliletwa nchini na Dakta Richard Hindorf, na baadaye mashamba yake yakaenea bonde lote la Mto Pangani. Watu walitoka mbali kuja kukata mkonge. Walikuja na maradhi ya kwao, na hapa wakakuta mengine, hasa malaria ya bondeni.

Wamisheni wa UMCA, ambao kituo chao kikuu katika nchi ya Wabondei kilikuwa Magila karibu na Muheza, walikuwa miongoni mwa waliotoa dawa za kizungu mapema katika sehemu hizi, na baadaye hospitali ya misheni ilisimama hata Kwamkono wilayani Handeni. Na haki isemwe, hata kama ni ya jirani asiyekuwa wa dini yetu: wagonjwa wengi wa Kiislamu walifunguliwa milango hiyo wakatibiwa.

Handeni, kwa upande wake, ni nchi ya mvua haba. Nzige na njaa ya miaka ya 1894 hadi 1896 iliwaua watu wengi na kuvitawanya vijiji. Kisha ikaja vita. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteka Korogwe na Handeni yakiwafukuza Wajerumani kuelekea kusini. Nyuma ya majeshi yale walikuwa wapagazi kwa maelfu, ambao kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, Dar es Salaam. Waliokufa kwa risasi miongoni mwao walikuwa wachache. Maradhi ndiyo yaliyowamaliza, kuhara, malaria na homa ya mapafu. Vita vilipokwisha mwaka 1918 yakafuata mafua makali yaliyoizunguka dunia nzima. Basi watawala wapya waliikuta nchi ya wagonjwa wengi na madaktari wa kuhesabika.

Bwana Dresa

Ndipo akatokea mtu ambaye wazee waliozaliwa kabla ya uhuru bado wanamkumbuka: dresa. Mwaka 1926, wakati Dakta John Shircore akiwa mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, serikali ilianza mpango wa kuwachagua vijana kutoka katika makabila yao wenyewe, wakafundishwa kwa muda mfupi katika hospitali ya wilaya, kisha wakarudishwa kwao kufunga vidonda na kutoa dawa nyepesi. Mshahara wao haukutoka kwa serikali kuu, bali ulitoka katika hazina za wenyeji, yaani katika kodi waliyolipa wanakijiji wenyewe.

Kazi yake ilikuwa nini? Alisafisha vidonda, akatoa kwinini kwa homa, haluli kwa tumbo, na matone kwa macho. Lakini kilichompa jina ni sindano. Siku hizo buba ilikuwa imewaenea watu, vidonda vyake vikila ngozi na mifupa ya watoto. Katika miaka ya 1920 ilipatikana dawa ya kuchoma, tena ya bei nafuu, na vidonda vilikauka kwa siku chache tu mbele ya macho ya watu. Tangu hapo watu walitembea mwendo mrefu kuifuata sindano, na mpaka leo wapo wanaoona hawajatibiwa kama hawajachomwa.

Kibarazani Bwana Dresa aliwekewa kiti. Lakini tuutazame upande wa pili wa heshima ile. Alikuwa peke yake. Daktari wa wilaya alipita kwa nadra. Hapakuwa na wa kumpokea zamu, hivyo hakuwa na zamu; mlango wake ulibishwa usiku na mchana. Mbu aliyewauma wagonjwa wake alimuuma na yeye, na vidonda alivyovisafisha alivisafisha kwa mikono yake. Kadhalika hazina iliyomlipa ilitegemea kodi, kodi ilitegemea mazao, na mazao yalitegemea mvua. Katika nchi kama Handeni, ambayo ilipigwa na njaa tena katika miaka ya 1930, maana yake ni wazi: mwaka ambao watu waliugua zaidi ndio mwaka ambao fedha ya kumlipa muuguzi wao ilikuwa haba zaidi.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo tutalikuta tena na tena. Kazi ilipangwa vizuri, lakini mfanya kazi hakupangiwa.

Uhuru na ahadi kubwa

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 na Azimio la Arusha la 1967, taifa liliazimia kwamba tiba isiwe ya mjini tu. Mwaka 1972 serikali ilipanga kupeleka fungu kubwa zaidi la fedha za afya vijijini: zahanati moja kwa kila watu 10,000, na kituo cha afya kwa kila watu 50,000. Vyuo vikafunguliwa vya kuwafundisha waganga wasaidizi wa vijijini na wakunga. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, na baada ya mafunzo wakashika majembe kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Nani asiyeikumbuka sauti ile miongoni mwa waliokuwa watu wazima wakati huo?

Mwezi wa Septemba 1978 wajumbe wa mataifa 134 walikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, wakatangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kumfikishia kila mtu tiba. Tanzania haikuwa mgeni wa fikra hiyo. Waziri wake wa Afya tangu 1975 hadi 1980 alikuwa Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja Tanganyika mwaka 1935, akawatibu watu wa kusini kwa miaka mingi, akawa raia. Yeye mwenyewe alijua maana ya kuwa tabibu peke yako porini.

Katika hali hiyo, mwongozo wa taifa wa mwaka 1983 ulipanga kila kijiji kiwe na wahudumu wake wa afya. Wachaguliwe na wanakijiji, wafundishwe, warudi, nacho kijiji ndicho kiwalipe. Maneno haya yanapendeza masikioni. Mcheza kwao hutunzwa, nani asiyelijua hilo? Lakini kijiji kingewalipa kwa fedha ipi? Vijiji vingi havikuwa na mfuko wa maana, na uchumi wa nchi ulikuwa umeyumba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Wahudumu wengi wa nchi hii walingoja malipo yao msimu baada ya msimu, kisha wakaliacha begi la dawa wakashika jembe.

Tusiwalaumu haraka. Hebu mfikirie mhudumu wa kijiji cha Handeni. Naye ni mkulima, ana watoto. Mvua ya kwanza ikinyesha, siku tatu au nne ndizo za kupanda, na ndizo hizo hizo ambazo mbu huzaliana na watoto huanza kuchemka homa. Akienda kwa wagonjwa, shamba lake linachelewa. Shamba likichelewa katika nchi ya mvua haba, nyumba yake italala njaa mwezi wa kuvuna. Kwa hiyo kila mtoto aliyemponya alimlipia kwa chakula cha mtoto wake mwenyewe. Je, ni watu wangapi miongoni mwetu wanaoweza kuyastahimili hayo kwa mwaka mmoja, sembuse kumi?

Miaka ya dhiki

Yapo mema ya kushukuru katika miaka hiyo. Kuanzia 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, makasha ya dawa muhimu yalianza kupelekwa katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini, na mganga aliyekuwa akiwarudisha watu kwa maneno matupu akapata cha kuwapa. Lakini mwaka 1983 huo huo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera, na kufika 1986 maradhi hayo yalikuwa yameripotiwa katika kila mkoa wa Tanzania Bara.

Fikiri maana yake kwa mkunga wa zahanati. Kazi yake ni damu. Jana aliogopa damu isimtoke mzazi kwa wingi. Leo aiogope pia isiingie katika mkwaruzo wa kidole chake. Glavu zilikuwa haba, na sindano moja ikimteleza mkononi humchoma yeye. Na si UKIMWI peke yake. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa njia hiyo hiyo, tena kwa wepesi zaidi, ijapokuwa ina chanjo. Kifua kikuu nacho humfuata muuguzi katika chumba kisichopitisha hewa. Na maji je? Handeni ni wilaya iliyoteswa na kiu hata ikabidi katika miaka ya 1970 kujengwa bomba kuu la kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Panapokosekana maji, mkunga atanawaje kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine?

Katika miaka ya 1990 mambo yalizidi kuwa magumu. Serikali, kwa masharti ya wakopeshaji, ilipunguza na kuzuia ajira, na mwaka 1993 ikaanza kutoza wagonjwa ada. Watu waliongezeka, wauguzi wakapungua. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba nchi 57 zilikuwa na upungufu wa hatari wa madaktari, wauguzi na wakunga, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Ni kweli kwamba mpango wa afya ya msingi wa miaka 2007 hadi 2017, uliojulikana kwa jina la MMAM, ulikusudia zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Majengo mengi yalisimama. Lakini jengo halizalishi mama. Anayezalisha ni mtu.

Hapa tuseme jambo ambalo halipendezi. Watu hulalamika kwamba manesi ni wakali, kwamba huwafokea kina mama wakati wa uchungu. Malalamiko haya yana ukweli, na mwenye kumfokea mzazi amekosa, hana udhuru mbele ya Mola wake. Lakini mwenye kutaka kuondoa ubaya sharti aujue mzizi wake. Mkunga aliyekesha na mzazi, akapambazukiwa na foleni ya watoto wa kupimwa uzito, akala mlo wake wa kwanza saa tisa alasiri, kisha akaitwa tena magharibi, na kesho yake hali ni ile ile, ulimi wake utakuwaje? Mkono wake utasoma sawasawa kipimo cha dawa? Uchovu wa muuguzi hauishii kwa muuguzi. Hufika kitandani kwa mgonjwa.

Walichofanya watu wa Korogwe

Baada ya maneno hayo mazito, tusimulie la furaha, nalo limetokea Korogwe. Tangu mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao walifuatilia malaria katika baadhi ya vijiji vya Korogwe, vya bondeni na vya mlimani. Waliowategemea si madaktari wa mjini. Walikuwa wanakijiji waliofundishwa kumtazama mwenye homa, kumpima na kumpa dawa karibu na nyumbani kwake. Mwaka 2003, katika vijiji vya bondeni, watu 78 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria. Kufika 2008 walikuwa 13 katika kila 100. Mlimani walishuka kutoka karibu 25 hadi 3.

Sababu zilikuwa nyingi pamoja: vyandarua vyenye dawa, dawa bora zaidi badala ya klorokwini iliyokwisha nguvu, na matibabu ya mapema. Hata hivyo, chandarua hakijitundiki, na dawa haijipeleki kwa mtoto. Baadaye, kuanzia 2009, Korogwe ilikuwa miongoni mwa sehemu za Afrika zilizofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria, ile iitwayo RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto mwezi wa Oktoba 2021. Kwa hiyo leo mtoto wa Ghana au wa Malawi akichanjwa, katika kinga yake imo jasho la wauguzi wa Korogwe na subira ya kina mama wa Korogwe.

Hali kadhalika katika matende na mabusha, maradhi ambayo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa. Ugawaji wa dawa kwa watu wote ulianza mkoani Tanga mwaka 2004. Aliyekuja mlangoni na vidonge, akiwa na fimbo ya kupimia kimo ili ajue kila mtu apewe vingapi, alikuwa ni jirani, mtu wa kujitolea. Alitembea nyumba hadi nyumba juani, akabishana na wanaoogopa, akatukanwa na wachache, akaandika majina daftarini. Jioni tulimwambia nini? Tulimwambia, "Mungu atakulipa."

Wakfu wa Qalawun

Ndugu msomaji, neno hili "Mungu atakulipa" ni neno zuri, nalo ni kweli. Lakini tujiulize tunalitumia kwa nia gani. Je, tunamwombea, au tunajitoa katika deni?

Tutazame walivyofanya waliotutangulia. Yasimuliwa kwamba Qalawun, kabla hajawa sultani wa Misri, aliugua tumbo akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za hospitali aliyoijenga Nur al-Din. Akaweka nadhiri kwamba Mungu akimpa ufalme naye atajenga hospitali. Alipoupata alitimiza, na mwaka 1284 hospitali yake ya Kairo ikakamilika, ikiwapokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake. Lakini jambo tunalotaka ulishike ni hili: katika hati ya wakfu hakuandika majengo na dawa peke yake. Aliandika pia matabibu, matabibu wa macho, na wahudumu wa kiume na wa kike, na ujira wao utoke katika mapato ya mali aliyoiweka wakfu. Thawabu aliitaka yeye mtoaji. Hakumwambia mhudumu ale thawabu.

Hiyo ndiyo tofauti. Mtu aweza kujitolea kwa hiari yake, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini si halali kwetu sisi tunaonufaika kumgeuzia kujitolea kwake kuwa mshahara. Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba mfanya kazi apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka. Hatukufundishwa kwamba jasho la muuguzi ni la namna nyingine.

Hapa kwetu Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki 1897, alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali, na jina lake limebaki Muhimbili mpaka zama zetu. Ni haki yake kukumbukwa. Lakini dresa aliyekesha nani anamkumbuka? Hupewa jina jengo, hasahaulikiwi mtoaji, husahaulika mtumishi.

Sisi tufanye nini?

Si kwamba wakubwa hawajaona. Dunia iliumia wakati wa KORONA: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa kati ya 80,000 na 180,000. Na ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera mwezi wa Machi 2023, miongoni mwa watu 6 waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Mwezi wa Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafundisha zaidi ya watu 137,000 katika miaka 5, nao walipwe posho. Miaka 41 baada ya mwongozo wa 1983, somo limeandikwa upya: mhudumu naye ana tumbo. Tuombe posho hiyo ifike kwa wakati, Handeni na Korogwe na kwingineko.

Lakini serikali ina lake na sisi tuna letu. Muuguzi akiletwa katika kijiji chako, mtazame anaishi wapi. Kama nyumba yake inavuja, mafundi wa kijiji wanaweza kuipaua kwa siku mbili. Kama zahanati haina maji, vijana wa msikiti wanaoweza kujaza birika la udhu wanaweza kujaza na pipa la zahanati. Ukimwita usiku kwa mzazi, usimwache mwanamke huyo arudi peke yake gizani. Aliyemfuata ndiye amrudishe. Ukiwa katika kamati ya afya ya zahanati, usiulize dawa tu. Uliza kama glavu zipo, kama watumishi wamechanjwa homa ya ini, kama wapo wawili au mmoja, na huyo mmoja ni lini alipopumzika mara ya mwisho. Akiwa ni mhudumu wa kijiji asiye na mshahara, mlimieni siku ya mvua ya kwanza. Jembe moja kwa kila nyumba, asubuhi moja tu, shamba lake limekwisha. Hiyo ndiyo ada ya wazee wetu, na haihitaji mfadhili.

Na siku muuguzi mwenyewe akiugua, nenda ukamtazame. Kumzuru mgonjwa ni haki ya kila Mwislamu juu ya mwenzake, na hapana ajuaye uzito wa kulala kitandani peke yake kuliko yule ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni mwa vitanda vya wengine.

Mganga hajigangi. Wazee hawakumaliza methali hiyo, wametuachia sisi tuimalize. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuuguza wakafa bila kujulikana, awape afya na nguvu walio kazini leo katika Handeni, Korogwe na kila kijiji, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaolipa deni kabla ya kuombwa. Amin.